Haya ya Saa Nne na Robo

Asubuhi ile Somoe Matimbwa alikuwa amekwisha kuisikiliza sauti yake mwenyewe mara kumi na tatu, na kila alipoirudia ndivyo alivyozidi kutoielewa.

"Haya," ilisema sauti.

Basi, hakuna zaidi. Neno moja alilolitamka siku kumi na tisa zilizopita, saa nne na robo asubuhi, akiwa ameketi kwenye kiti hikihiki, mbele ya kioo hikihiki chenye ramani ya mikondo yote ya delta ya Lumbwi. Kwa neno hilo bahari ilikuwa imegeuza njia, na nyumba tatu za kisiwa cha Nyangani zilikuwa zimeingia majini.

"Irudie," alisema.

Mtulia, fundi aliyeutunza mtambo kwa mwaka wa sita sasa, alimtazama kwa huruma, kisha akairudia.

"Haya."

"Wewe unasikiaje?"

"Mimi?" Mtulia akakuna shingo. "Mara ya kwanza nilisikia haya ya kukubali. Mara ya tano nikasikia haya ya niacheni nipumue. Sasa hivi, dada, nasikia mtu anayetaka chai."

Siku nyingine Somoe angecheka. Leo alihisi kichwa kizito, kama mtu aliyeamshwa usingizini akaulizwa jina la baba yake na likampotea. Swali lililotangulia neno lile halikuwa na utata hata chembe, na hilo ndilo lililomuumiza. Msusi alikuwa ameuliza kwa ile sauti yake ya upole, "Dada Somoe, nisimamishe mikeka ya kaskazini, maji ya kupwa yapitie Nyangani?" Zikapita sekunde nne. Kisha, haya.

Msusi ni jina waliloipa mashine yao watu wa mji wa Pwezani wenyewe, kwa kuwa aliisuka mikondo ya delta kama mwanamke anavyosuka kichwa cha mwenzake, huku akigawa, kule akiunganisha. Chini ya kila mkondo kulikuwa na mikeka mipana ya nyuzi ngumu. Mkeka ukilala, maji hupita juu yake bila habari. Ukisimamishwa, maji huuegemea, yakapinda, yakaenda kuukwangua ukingo wa pili. Msusi hakuchimba chochote. Kazi yote alifanyiwa na bahari, yenye kujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku bila kudai likizo. Kazi yake yeye ilikuwa kuielekeza tu.

Lakini hakuruhusiwa kusimamisha mkeka hata mmoja mpaka binadamu aitikie. Baraza la Maji liliweka sharti hilo tangu mwanzo, maana hakuna aliyetaka kuamka akute mashine imejiamulia. Binadamu huyo aliitwa Mwitikiaji, na Mwitikiaji alikuwa Somoe. Msusi alimuuliza maswali mia mbili, wakati mwingine mia tatu kwa siku, mengi yakiwa ya kuchosha tu: mkeka huu upandishwe kiganja kimoja, ule ulazwe mpaka maji yajae. Somoe alijibu ndiyo, hapana, ngoja. Na alijibu haya. Mzaliwa gani wa pwani ya Lumbwi angeshinda kazini kutwa nzima asiseme haya?

Tena siku ile alikuwa na simu sikioni. Aliongea na mama yake mdogo, Bi Mpendu wa Nyangani, kuanzia saa nne na dakika kumi, kwa dakika nane. Chumba kilirekodi sauti ya Mwitikiaji peke yake, kwa hiyo upande wa Bi Mpendu haukuwamo. Katika dakika hizo nane Somoe alisema "enhe" mara kumi na moja na "haya" mara sita. Katika dakika hizohizo alimjibu Msusi "hapana" kuhusu mkeka mwingine, na ile hapana ilikuwa sahihi kabisa. Maana yake masikio yake yalikuwa pande zote mbili. Haya tano zilitoka wakati Msusi hajauliza lolote. Ya sita ilitoka sekunde nne baada ya swali.

"Msusi," aliita Somoe. "Wewe ulielewa nini?"

"Nimehesabu haya zako, dada," ilijibu sauti kutoka mezani. "Ni elfu sita na mia nne tangu tuanze kazi. Nimezipanga mafungu kumi na mawili. Ile imeangukia kati ya fungu la pili na la saba."

"La pili ndilo lipi?"

"La kukubali."

"Na la saba?"

"La kumkubalia mtu ili anyamaze."

Mtulia alikohoa na kuutazama mlango. Somoe akafunika uso kwa viganja.

Mwenyekiti wa Baraza, Ngwali Mkumba, aliingia bila hodi, kofia mkononi, jasho usoni. Alikuwa mtu wa kuongea taratibu hata nyumba ikiungua.

"Somoe, binti yangu, kikao ni saa tisa leo. Kesho kutwa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi. Umeshajua utasema nini?"

"Sijui nilimaanisha nini, Mwenyekiti."

"Hilo si jibu. Kanuni unaijua kuliko mimi. Kama ulikubali, amri ni halali na maji yanabaki yalipo. Kama hukukubali, amri ni kosa na lazima maji yarudishwe yalikotoka." Akaketi, akashusha pumzi. "Na kuyarudisha, unajua kunataka nini."

Alijua. Mkondo Mkuu, unaopita mbele ya mji wa Pwezani, ulikuwa umeanza kufa kabla ya neno lake lolote. Zamani nyuma ya mji kulikuwa na bonde pana la matope. Maji yakijaa, bonde lilimeza bahari ya kutosha. Maji yakipwa, yote yalitoka kwa mkupuo mmoja kupitia Mkondo Mkuu, yakaukwangua, yakatoka na mchanga wake. Kisha mji ulikua, watu wakakosa viwanja, bonde likajazwa kifusi na kuzungushiwa tuta. Hapo juu pakamea mtaa mpya wa Kifusini. Bonde lilipokosa nafasi ya kumeza, mkondo ukakosa maji ya kujisafishia, na mchanga ukaanza kukaa mlangoni. Msusi aliliona hilo mapema, akatafutia maji njia nyingine, ndipo akauliza habari ya Nyangani.

"Kuyarudisha ni kubomoa tuta la Kifusini," alisema Somoe polepole. "Bahari irudi bondeni, Mkondo Mkuu upate tena maji ya kujisafishia. Nyumba arobaini na sita za chini zitakuwa zinaingia maji kila bamvua, mara mbili kwa mwezi, maisha yote."

"Ya kwako ikiwamo."

"Ya kwangu ikiwamo."

"Na Nyangani ni nyumba thelathini na moja. Zilizobaki ishirini na nane." Ngwali alisema idadi zile kwa upole, kama anayesoma majina ya watoto. "Bamvua ikipita, kile kijito kitakuwa na kina ambacho mikeka haifiki chini. Hapo hata tukitaka hatuwezi tena. Sikwambii useme nini. Nakwambia tu, ukisema ulikubali, hakuna wa kuhamishwa Kifusini, na watu wa Nyangani tutawatafutia pa kukaa. Yaishe."

Alipotoka, Somoe aligundua kwamba naye Ngwali alikuwa amemwitikia kwa kichwa, wala hakujua ameitikia nini.

*

Boti ya Baraza iliwachukua yeye na Mtulia kwenda Nyangani maji yalipoanza kupwa. Kile kijito Somoe alikijua tangu utotoni. Kilikuwa na upana wa hatua ishirini, maji ya magotini wakati wa kupwa, watoto wakivuka na vitabu kichwani. Sasa alikiona akadhani boti imekosea njia. Kilikuwa na upana wa hatua tisini. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yakienda kwa kasi, yakijizungusha yanapokata kona.

"Tazama pale," Mtulia alionyesha. "Upande wa ndani wa kona maji yanatembea polepole, yanaweka matope. Upande wa nje yanakimbia, yanakula. Kila anachokula huku anakwenda kukiweka kule. Kisiwa kimekaa upande wa kuliwa."

Alisema "anachokula" kama anayemzungumzia mtu, na Somoe alitamani iwe hivyo. Mtu unaweza kumlaumu. Hapa alijaribu kumlaumu Msusi, akakumbuka Msusi aliuliza. Akalaumu bahari, akaona upuuzi. Akalaumu waliojaza bonde, akakumbuka yeye mwenyewe alipokea kiwanja kule kwa vigelegele. Kila uzi alioushika ulimrudisha mezani pake, saa nne na robo.

Bi Mpendu walimkuta barazani, ameketi juu ya kigoda, beseni la kamba mbele yake, akiwamenya kwa vidole vyepesi. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka sitini na kitu, mwenye ulimi usio na likizo. Yeye ndiye aliyemlea Somoe tangu mama yake alipofariki. Nyuma ya nyumba, hatua kama kumi na tano, ardhi iliishia ghafla.

"Karibuni. Msishangae kamba wengi," alisema. "Tangu maji yageuke wanajileta wenyewe. Kisiwa kinatuaga kwa karamu."

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Kaa. Umekonda."

Somoe alikaa chini, kwenye mkeka, akashindwa aanzie wapi. Mwishowe akasema yote kwa pumzi moja, kikao, kanuni, haya sita, fungu la pili na la saba. Bi Mpendu alisikiliza bila kuacha kumenya.

"Siku ile tuliongea nini, mama mdogo? Ile saa nne na robo?"

"Tulianza na mguu wangu. Tukaja kwa Salha na talaka yake, maana hiyo haikwepeki. Mwisho nikakwambia uniletee dawa ya mchwa."

"Nikasema?"

"Ukasema haya."

Somoe alimshika goti. "Basi ndiyo hiyo! Haya ilikuwa ya dawa ya mchwa. Ukisimama leo ukaapa mbele ya Baraza, imekwisha. Amri ni kosa, maji yanarudishwa, unabaki na nyumba yako."

Vidole vya Bi Mpendu vilisimama kwa mara ya kwanza. Mtulia, aliyekuwa amesimama uani, alijifanya anaangalia paa.

"Dawa ya mchwa uliileta?" aliuliza Bi Mpendu.

"Bado sijaleta."

"Siku kumi na tisa."

"Nilisahau, mama mdogo."

"Basi pengine hukunisikia. Haya zako, mwanangu, huwa sijui unaniitikia mimi au unafukuza nzi." Alichukua kamba mwingine, akamwangalia, akamrudisha beseni. "Tena nilikuomba mambo mengi siku ile. Haya ilikuwa ya lipi, na dakika ipi, mimi simo. Nikiapa nisichokijua, hiyo nyumba nitakayobaki nayo nitaingia kwa mguu gani?"

"Lakini utabaki nayo!"

"Naitaka, Somoe. Usidhani siitaki." Sauti yake ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Nimejifungulia humu mara nne. Naogopa. Ila usije ukanitupia mimi neno lako nikubebee. Neno ulisema wewe."

Somoe alilia. Alilia kwa sababu alikuja akidhani ukweli uko Nyangani, kumbe hata huku haukuwapo. Haukuwa mahali popote. Yule mwanamke wa saa nne na robo, aliyeketi kitini akijibu sikio hili na lile, alikuwa amekwisha kuondoka na maana yake, na hakuna aliyebaki wa kuulizwa.

Ukasikika mshindo mzito kutoka nyuma. Walikimbia wote watatu. Kipande cha ardhi chenye jiko la jirani kilikuwa kimekatika na kushuka majini kikiwa kizima, mafiga na kuni zikiwa bado juu yake. Kilizama taratibu, na maji yakafunga. Jirani mwenyewe alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Aliendelea kuutazama ule mwiko.

Kutoka mlango wa nyuma wa Bi Mpendu hadi ukingoni sasa zilibaki hatua kumi na moja. Somoe alizipima kwa miguu yake.

*

Ukumbi wa shule ya Pwezani ulijaa kabla ya saa tisa. Watu wa Nyangani waliketi upande wa madirisha, wa Kifusini upande wa mlango, na katikati pakabaki njia ambayo hakuna aliyepanga iwepo. Safu ya mbele, upande wa Kifusini, alikuwa Shemsa, fundi cherehani, aliyegawana ukuta mmoja na Somoe kwa miaka minane. Walikopeshana chumvi na viti, na siku nyingine hata viatu.

Ngwali alimwita mbele. Spika ndogo iliwekwa mezani ili Msusi asikie na asikike. Ile rekodi ikapigwa mbele ya wote.

"Haya."

"Amekubali huyo!" alipaza sauti mtu wa Kifusini.

"Kakubali wapi? Huyo kachoka!" alijibu mwanamke wa Nyangani. "Hiyo ndiyo haya ninayompa mume wangu!"

Kicheko kilizuka pande zote mbili, kikafa upesi kila upande ulipokumbuka kilichowaleta. Ngwali aligonga meza.

"Somoe Matimbwa. Ulikubali au hukukubali?"

Aliwatazama. Aliona midomo ya watu wa madirishani ikimtamkia jibu moja, na ya watu wa mlangoni jibu jingine. Shemsa alikuwa amemkazia macho tu. Jambo la ajabu ni kwamba kila jibu lilikuwa linafaa. Angeweza kusema lolote kati ya yale mawili, na lisingekuwa uongo, wala lisingekuwa kweli.

"Sijui," alisema.

Ukumbi ulilipuka. Ngwali aliinama akamnong'oneza, "Binti yangu, kanuni haina sijui."

"Ndiyo maana tunazunguka, Mwenyekiti." Alisubiri kelele zipungue. "Nimelisikiliza lile neno mpaka limekuwa kama la mtu mwingine. Mnaniuliza la juzi ili lituamulie la leo, na mimi nimehangaika asubuhi yote nikilitafuta, nikaenda mpaka kumwomba mama yangu aniapie. Nimeona aibu. Haliwezi kutuamulia. Halijui hata kuna watu." Akaigeukia spika ya mezani. "Msusi, Mwitikiaji anaweza kuagiza bila kuulizwa?"

"Anaweza, dada. Hujawahi. Amri hiyo huandikwa kwa jina lako peke yako, na mimi sitakuwa nimeshauri."

"Nililijaza bonde la bahari nikajenga juu yake, mimi na wenzangu. Nyangani hawakujaza chochote. Kifusini tutahama hatua mia mbili kupanda juu, na tutalia. Nyangani ikishuka hairudi. Na mama yangu yuko kule. Siwezi kuapa kwamba hilo halimo. Limo. Kiasi gani, sijui."

Kisha akaagiza, kwa maneno marefu, moja baada ya jingine, asiache pa kutilia shaka: tuta la Kifusini lifunguliwe kesho alasiri, maji yakijaa yaingie bondeni, mikeka ya kaskazini ilazwe, maji ya kupwa yote yapitishwe Mkondo Mkuu. Msusi aliyarudia yote. Somoe akathibitisha.

Hakuna aliyeshangilia, hata upande wa madirisha. Watu wa Kifusini walisimama mmoja mmoja, wakatoka. Mtu mmoja alitema mate karibu na miguu yake. Ngwali alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

*

Kesho yake asubuhi mtaa mzima wa chini ulikuwa nje. Magodoro yaliegemezwa ukutani, masufuria yamepangwa barabarani, na watu walipandisha vitu kilimani kwa mikokoteni na kwa vichwa. Somoe alipopita, mazungumzo yalikatika mbele yake na kuanza tena nyuma yake. Msusi alikuwa na maswali mia na kumi yakimngoja. Alikuwa amemwambia asubiri.

Nyumba yake hakuigusa. Alikwenda mlango wa pili.

Shemsa alikuwa peke yake chumbani, anapambana na kabati la nguo la mninga, zito kama nini, ambalo lilikuwa la mama yake. Cherehani ilikuwa imekwisha kutoka. Ukutani palibaki alama nyeupe mahali iliposimama kwa miaka minane. Hakugeuka.

"Shemsa," alisema Somoe. "Mwenzangu. Nilitaka kuja jana, miguu ikagoma. Sina hata la kukwambia, ila nataka ujue kwamba mimi..." Akanyoosha mkono.

Shemsa aliutazama ule mkono kwa muda. Macho yake yalikuwa mekundu na makavu.

"Usinishike mkono, Somoe," alisema. "Shika kabati."